Mshitiri husubiri Bohari ikose

Zahanati ya umma ikiishiwa amoksilini, oda yake huanzia Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikijibu kwamba haina, zamani ndipo kazi ilipoanza: kukusanya bei kutoka maduka ya jumla, kuzilinganisha, kuomba idhini ya halmashauri, kisha kutafuta gari. Yote hayo kwa makopo machache, huku wagonjwa wakiandikiwa vyeti vya kwenda kununua mtaani.

Mwaka 2014 Dodoma ilijaribu njia nyingine, kwa msaada wa Uswisi. Mkoa ulitangaza zabuni moja kwa niaba ya vituo vyake vyote, ukampata mshitiri mmoja, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuvihudumia, wakakubaliana orodha ya bidhaa, bei na masharti ya kufikisha mzigo. Mfumo ukaitwa Jazia. Morogoro na Shinyanga zikafuata, na mwaka 2018 ukaenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Katika mikoa hiyo mitatu ya mwanzo, upatikanaji wa dawa zilizotumika kama kipimo ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi 94 mwaka 2018. Sifa zote si za mshitiri, maana miaka hiyohiyo vituo vilianza pia kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao.

Jambo ambalo wazabuni wageni huchelewa kulielewa ni kwamba kushinda zabuni ya namna hii si kuuza. Mkataba hufunga bei na ubora. Kiasi kilichoandikwa humo ni makadirio tu. Biashara huzaliwa siku oda inapotoka, na inaweza isitoke. Mnunuzi anafaidi: hatangazi zabuni upya kila anapopungukiwa, wala halipii shehena asiyoihitaji. Muuzaji ndiye anayekaa na mzigo ghalani huku tarehe ya kuisha muda wa dawa ikimkaribia.

Tena mshitiri wa Jazia haitwi kwanza. Anaitwa Bohari inapokosa. Bohari ikifanya kazi yake vizuri, oda za mshitiri zinapungua; ikiyumba, zinamjia kwa mkupuo, na za bidhaa zilezile ambazo huenda zimeadimika sokoni kote. Bei nayo imeshafungwa kwa shilingi, ilhali dawa nyingi huagizwa nje kwa dola. Aliyefunga bei kabla ya dola kuadimika mwaka 2023 hahitaji kuelezwa maana yake. Ndiyo maana kazi hii inawataka wenye mtaji mnene, na sidhani kama hilo linaepukika.

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambako muuzaji wa Songea anaiona nafasi sawa na wa Kariakoo. Ni hatua kubwa, ila NeST haijazi akaunti ya zahanati. Bohari yenyewe, mali ya Serikali, iliidai Serikali zaidi ya shilingi bilioni 100 mwaka 2014. Sasa mfikirie mfanyabiashara binafsi aliyekopa benki.

Mikataba hutaja adhabu kwa muuzaji anayechelewesha mzigo, na wanunuzi hawaoni haya kuidai. Riba kwa mnunuzi anayechelewesha malipo ni habari nyingine: hata ikiandikwa, ni mshitiri gani atakayeidai kwa mkoa uleule anaotegemea kuuomba zabuni mkataba ukiisha?