Viendeshi vya Usimamizi wa Seva Vinapokataa Kupakiwa

Seva ni kompyuta ihudumiayo kompyuta nyingine, na katika vyuo na maktaba za siku hizi aghalabu ndiyo ghala la kanda za sauti, picha za miswada na faharasa za kamusi. Mashine ya namna hiyo hukaa chumbani peke yake usiku na mchana, pasipo mtu wa kusikiliza mlio wa feni zake. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa seva nyingi hutia katika ubao wake mkuu kompyuta nyingine ndogo, ambayo kazi yake ni kupima joto, nguvu ya umeme na mwendo wa feni, na kuandika katika kumbukumbu yake kasoro zitokeazo. Kompyuta hii ndogo hujulikana kwa herufi BMC. Kanuni za kuzungumza nayo huitwa IPMI. Zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na makampuni ya Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC, na toleo la 2.0 likatoka mwaka 2004.

Baina ya BMC na programu zilizo ndani ya seva hapana budi pawe na mkalimani, na mkalimani huyo ndiye aitwaye kiendeshi. Yafaa ieleweke kwamba wengine hulitumia neno hilohilo kwa kifaa cha kusomea diski. Hapa maana yake ni programu fupi iiwezeshayo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, kusema na chombo fulani. Neno kupakia nalo, ambalo kwa kawaida huhusu shehena na chombo, hapa lina maana ya kukitia kiendeshi katika kumbukumbu ya kompyuta ili kianze kazi.

Katika mfumo wa Linux viendeshi vya kazi hii ni vitatu, navyo hushikana kama pete za mnyororo. Cha kwanza, ipmi_si, huitafuta BMC na kupokezana nayo habari. Cha pili, ipmi_msghandler, hupanga ujumbe uendao na urudio. Cha tatu, ipmi_devintf, hufungua mlango ambao programu za kawaida hupitia. Mlango huo huonekana kama faili liitwalo /dev/ipmi0. Pete moja ikikatika, mnyororo wote haufai kitu.

Mnyororo ukikatika seva haisimami. Wasomaji huendelea kupata vitabu vyao, na BMC huendelea kupima. Lakini programu ya ulinzi iliyo ndani ya seva haipati habari yo yote, na ikiwa imeandikwa vibaya, kimya hicho huihesabu kuwa ni salama. Feni yaweza kufa na joto likapanda bila ya onyo kumfikia msimamizi, naye akaja kutambua siku ambayo diski zimekwisha haribika.

Kosa la kawaida la mafundi ni kuiondoa programu ya ulinzi na kuiweka upya, tena na tena, hali kasoro iko chini yake. Njia iliyo bora ni kuusoma kwanza ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg au journalctl -k, na kuyapima maneno yake moja moja. Kwa maana kila ujumbe huonyesha pete yake.

Ujumbe wa kwanza ni ule wa programu ya ipmitool isemayo kwamba haikuweza kufungua /dev/ipmi0, na mwisho wake ni maneno “No such file or directory”. Wengi hudhani kwamba BMC imekufa. Walakini maneno hayo yanataja faili, hayataji chombo. Huenda ipmi_si kinafanya kazi vyema, na kilichokosekana ni ipmi_devintf peke yake. Dawa yake ni amri ya modprobe ipmi_devintf. Na ili kasoro isirudi seva inapowashwa upya, jina la kiendeshi huandikwa katika faili lililowekwa ndani ya /etc/modules-load.d.

Ujumbe wa pili ni “No such device”, utokeao wakati wa kukipakia ipmi_si chenyewe. Huu una maana tatu. Yamkini ni kweli tupu: seva ya kubuniwa ndani ya seva nyingine kwa kawaida haina BMC, na hapo hapana la kutengeneza. Yamkini pia BMC ipo, lakini jedwali la SMBIOS, ambalo kerneli hulitazama ili kujua vilivyomo ndani ya mashine, haliitaji. Amri ya dmidecode -t 38 huonyesha habari hiyo, na jedwali likiwa na upungufu, fundi aweza kukiambia kiendeshi mahali pa kutafuta, kwa mfano type=kcs ports=0xca2, iwapo kitabu cha mtengenezaji chathibitisha hivyo. Maana ya tatu ni kwamba BMC imeganda. Hapa wengi huwasha seva upya na kushangaa kuona hali ni ile ile. Sababu ni kwamba BMC hula umeme hata seva ikiwa imezimwa, maadamu waya umo ukutani. Kama bado hujibu kwa njia ya mtandao, huamriwa ianze upya kwa mc reset cold; kama haijibu, seva huzimwa kwa utaratibu, waya zote za umeme zikachomolewa kwa dakika chache, kisha zikarudishwa.

Ujumbe wa tatu ni “Exec format error”. Huu huhusu hasa viendeshi ambavyo mtengenezaji huvitoa nje ya kerneli. Kiendeshi cha namna hiyo hutengenezwa kwa toleo moja la kerneli, na kerneli ikibadilishwa hukataliwa. Jawabu la uname -r hulinganishwa na mstari wa vermagic katika jawabu la modinfo. Yakihitilafiana, kiendeshi hakina budi kutengenezwa upya. Utaratibu wa DKMS huifanya kazi hiyo wenyewe kila kerneli mpya inapowekwa.

Ujumbe wa nne ni “Required key not available”, au “Key was rejected by service”. Hapa kiendeshi kipo na huenda ni kizima, ila hakina sahihi inayoaminiwa na Secure Boot, ulinzi uzuiao programu za kigeni kuingia katika kerneli. Wako mafundi wanaouzima ulinzi huo ili mambo yaende. Hilo ni kubomoa ukuta kwa sababu mgeni mmoja hana cheti. Lililo sawa ni kukitia kiendeshi sahihi na kuuandikisha ufunguo wake katika mashine.

Kwa ufupi, kabla ya kugusa kitu cho chote, msimamizi ajiulize kama kilichokosekana ni mlango, ni chombo, ni toleo linalolingana, ama ni idhini. Na akiisha tengeneza, asitosheke na kuona kwamba kosa limetoweka. Aendeshe ipmitool sdr na kuangalia kama joto na mwendo wa feni vyasomeka, kisha awashe seva upya kwa saa aliyoichagua mwenyewe, na kuangalia mara ya pili. Seva iliyojibu mara moja tu baada ya amri kuandikwa kwa mkono haijathibitika kuwa itajibu tena umeme utakapokatika usiku.