Ndai ya Guka Imeliwa na Kutu? Hivi Ndivyo Unatafuta Gereji Bila Kuchezwa

Kuna wasee wako na Datsun 240Z kwa boma na hata hawajui wamekalia nini. Imefunikwa na turubai, matairi yameisha pumzi, kuku wanataga nyuma ya viti. Halafu siku moja unaona ingine kama hiyo mtandaoni, imeng'ara, roho inaruka. Hapo unaanza kuuliza mtaani: nani anaweza kunitengenezea hii kitu?

Hilo swali limemaliza watu doh. Si eti Nairobi haina gereji. Ukizunguka Grogan, Industrial Area na Kariobangi Light Industries utapata fundi kila hatua kumi. Shida ni kwamba wengi ni moto sana kwa kupaka rangi, na gari ya kutu haitaki rangi kwanza. Inataka chuma. Kwa hivyo usianze kutafuta msee wa kuifanya ing'ae. Tafuta yule atakuonyesha kutu yote kabla hajaifunika.

Kwanza jua uko na nini

240Z si ndai ya hivi hivi kwa hii nchi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nayo, na Shekhar Mehta akafuata namba mbili na 240Z ingine. 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakashinda. Wazee waliosimama kando ya barabara na matope hadi kwa magoti wanaikumbuka hiyo sauti ya silinda sita mpaka leo.

Na si kumbukumbu tu, kuna chapaa. Mwaka 2020 huko Marekani, 240Z moja iliyokuwa haijatembea sana na imebaki vile kiwanda kiliitoa iliuzwa dola 310,000. Usianze kupiga hesabu ya keja Runda, yako haitafika hapo. Lakini shika somo: bei inafuata uasili. Fundi akikwambia "hii injini tutupe, tuweke ya Toyota, itakuwa fiti," ujue anakurahisishia kazi yake na kukupunguzia mali yako. Injini ikibadilishwa pia lazima NTSA wajue, kwa sababu namba yake iko kwa logibuku.

Sasa fungua boneti. Namba ya chasisi imegongwa kwa ukuta wa chuma kati ya injini na ndani ya gari. Ikianza na HS30, kwa kawaida hiyo ni 240Z ya usukani wa kulia. HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Piga picha hiyo namba, na umwambie fundi yeyote mapema: hapo hapakatwi, hapagusi grainda.

Kutu inajificha wapi

Kutu inazaliwa chuma ikikutana na maji na hewa, na chumvi inaiongezea mbio. Ndio maana gari iliyokaa Mombasa huoza haraka kuliko ile ya Nakuru. Halafu kutu ikizaliwa inavimba kuliko ile chuma imekula, na inasukuma rangi kutoka ndani. Kale kapovu kadogo unaona chini ya mlango si mwanzo wa shida. Ni shida ambayo imeshapita hadi upande wa pili.

Hizi Z za zamani ziliundwa na bati nyembamba, na hazina chasisi ya kando kama pickup. Bodi yenyewe ndiyo inabeba gari. Kwa hivyo kutu mahali pabaya si suala la sura tena, ni suala la uhai wako ukiwa Thika Road. Kabla uite mtu yeyote, cheki hizi sehemu mwenyewe:

- Chini ya betri. Asidi humwagika na kula bati hadi chini.
- Sakafu. Inua kapeti yote, usiogope vumbi.
- Zile mihimili miwili inapita chini ya sakafu. Hapa ndipo nguvu ya gari iko.
- Ukingo wa chuma chini ya milango, na ile kona mbele ya tairi ya nyuma.
- Shimo la tairi ya spea, na kuzunguka mlango wa nyuma.
- Chini ya kioo cha mbele, mahali majani hukusanyika na kushika maji.

Vifaa ni viwili tu: sumaku na bisibisi. Funga sumaku na kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe pole pole. Mahali inakataa kushika, hapo hakuna chuma karibu, kuna fila ilipakwa na mtu zamani. Bisibisi itumie huko chini pasipoonekana: gonga na mpini, sikiza. Chuma nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Ukisukuma kidogo na ncha ikapita, hata fundi mwenyewe hawezi kubishana na wewe.

Andika kila mahali umepata, piga picha. Hiyo orodha ndiyo silaha yako ukiingia gereji.

Gereji si zote sawa

Kuna gereji za ajali. Hizi zinaishi na kazi za bima: gari imegongwa Jumatatu, madgadi mpya Jumatano, rangi, mwenye gari anaichukua wiki ijayo. Wako fiti sana kwa hiyo. Lakini madgadi ya 240Z hutaipata kwa duka Kirinyaga Road asubuhi ukienda. Huku kipande lazima kitengenezwe, na gereji iliyozoea haraka itaona gari yako inakula nafasi. Itasukumwa kona, kisha nje, kisha kwa mvua.

Kuna mafundi wa bati wa jua kali. Usiwadharau. Kuna mzee hapo anaweza kupiga bati na nyundo mpaka ikae kama imetoka kiwandani. Hao ni dhahabu. Ila wengi hawana mahali pa kufunika gari, na kazi kama hii huchukua miezi.

Halafu kuna wachache wanaojua magari ya zamani na ya rally. Hawaweki mabango makubwa. Unawapata kupitia wenye magari. Nenda Concours d'Elegance ikifanyika pale Ngong Racecourse, ama utafute wasee wa Vintage and Classic Car Club of Kenya. Cheki pia East African Safari Classic Rally, ambayo tangu 2003 imekuwa ikirudisha magari ya zamani kwa vumbi. Ukiona gari imekaa poa, usiulize gereji ya nani ni bora. Uliza mwenyewe: nani alikufanyia chuma, na ukipata gari ya pili utampelekea tena? Sikiza vile atavuta pumzi kabla ya kujibu.

Maswali matano ya kumpima fundi

Moja: naweza kuona gari imefunguliwa sasa hivi? Gari iliyoisha haikuambii kitu, rangi imefunika kila kitu. Unataka ile iko uchi, viraka vikionekana. Bati mpya inafaa kuungana na ya zamani ikiwa imekatwa hadi chuma safi. Ukiona bati mpya imelazwa tu juu ya iliyooza kama blanketi, shukuru chai na uende.

Mbili: unachomelea na nini? Welding ya vijiti, ile ya mageti na madirisha, inatoboa bati nyembamba na moto wake unaipinda. MIG ndiyo inafaa hapa, kidonge kidogo kidogo, huku na kule, bati isipate joto mahali pamoja. Gesi pia inaweza, mikononi mwa mtu mzoefu. Na kabla ya cheche yoyote, betri na tangi ya mafuta vitoke.

Tatu: ukikata chini ya mlango, bodi utaishikilia na nini? Hili swali linachuja watu vibaya. Kwa sababu bodi ndiyo inabeba gari, ukikata huo ukingo bila kufunga vyuma vya kushikilia kwa nafasi ya mlango, gari inainama katikati. Utalipa kila kitu, rangi itang'ara, na milango haitawahi kufunga tena. Fundi anayejua atakujibu hata kabla umalize swali.

Nne: baada ya kuchomelea, unazuia kutu isirudi vipi? Jibu unalotaka lina hatua: chuma inasafishwa, inapigwa praima ya epoxy, maungio yanazibwa, na ndani ya vile visanduku vya chuma inapulizwa nta ama mafuta ya kuzuia kutu. Fila inakuja mwisho, safu nyembamba, juu ya chuma safi. Fila si dhambi. Dhambi ni kuitumia kama chuma. Inanyonya unyevu, kutu inaendelea kula chini yake, na baada ya misimu michache ya mvua yale mapovu yanarudi pale pale.

Tano: nipeleke kwa gari ulimaliza miaka mitatu iliyopita. Gari ya mwezi jana inaweza kudanganya. Ya miaka mitatu imeshapigwa mvua na jua, itasema ukweli.

Mambo ya ganji

Fundi akikupa bei moja ya kazi yote akiwa amesimama nje ya gari, hajui, ama anajua na hataki kukwambia. Hakuna mtu anaona kutu ya ndani kabla ya kufungua. Ile njia safi ni hii: mlipe kwanza kwa kufungua, kusafisha na kukuandikia orodha ya kila kipande kinachohitaji kukatwa. Hiyo ikiisha ndio mnaongea bei ya chuma, sehemu moja moja. Sakafu iishe, uione, ulipe. Ndio muende kwa inayofuata.

Usimwage pesa yote mwanzo eti ndio kazi iende mbio. Pesa ikishaliwa, gari yako inakuwa deni, na hakuna mtu huamka mapema kulipa deni. Andikianeni, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Lipa kwa M-Pesa ili rekodi ibaki. Picha kila wiki kwa WhatsApp, na mara moja moja tokea bila kupiga simu.

Vitu vidogo beba nyumbani: nembo, taa, vioo, saa za dashibodi, kabureta. Funga kila kitu kwa mfuko wake na uandike jina. Kwa gereji yenye watu wengi, kitu kidogo cha 240Z hakipotei, kinahama.

Na usiitelekeze. Kenya iko na sheria ya mali isiyochukuliwa, Cap 38, inayomruhusu fundi kuuza kitu ulichoacha kwake akifuata hatua za notisi zilizowekwa. Ukiishiwa doh katikati, ongea naye, mwandikiane, ama uivute gari urudishe nyumbani.

Gari ni ya nani?

Hapa ndipo wengi huumia. Ndai ni ya guka, guka alishaenda, na logibuku iko kwa jina lake. Kwa sheria hiyo ni mali ya mirathi, si yako, hata kama ni wewe pekee ulikuwa unaipangusa. Bila karatasi za korti, NTSA hawawezi kuibadilisha jina. Ikiwa na kutu, hakuna mtu wa familia anaitaka. Siku itatoka gereji ikinguruma, utajua uko na mabinamu wangapi. Kaeni chini na ami, shangazi na shosh kabla utoe hata shilingi, mkubaliane kwa maandishi.

Na kukimbilia kununua ingine kutoka nje si jibu rahisi, kwa sababu gari ya zaidi ya miaka 8 haiingii Kenya kwa njia ya kawaida. Zilizo hapa ndizo hizo. Kila moja ikikatwa vyuma vya kuuza kwa kilo, haitarudi.

Kama huna doh saa hii

Basi usiifungue. Gari nyingi za zamani hazikufa kwa mvua, zilikufa kwa gereji, zikiwa vipande vipande, zikingoja pesa isiyokuja. Ipeleke mahali pakavu penye hewa. Toa turubai ya plastiki, inafungia unyevu ndani. Iinue juu ya mawe ama stendi, toa betri, toa kapeti, zibua vile vishimo vya kutoa maji chini ya milango. Hamisha kuku. Hiyo yote ni kazi ya wikendi moja, na inaweza kukununulia miaka ya kujipanga.

Halafu Jumamosi ukiwa na nauli tu, zunguka gereji mbili tatu na picha zako na hayo maswali matano. Kuangalia ni bure. Yule atatoka chini ya gari, apanguse mikono, akuulize "sakafu ikoje?" kabla hajauliza unataka rangi gani, huyo chukua namba yake.