JE, WAJUA? Tope la Ziwa Chala Hutunza Historia ya Tabianchi
Miamba mingi ya Handeni na Korogwe ni naisi, yaani mawe ya kale yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa ardhini, ambayo hayatunzi matabaka ya kila mwaka; kwa hiyo kumbukumbu ya tabianchi ya bonde la Mto Pangani, upitao Korogwe, hutafutwa katika mashapo ya Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. Kila mwaka hutuama humo tabaka jeupe la diatomu, ambazo ni mwani wenye magamba ya silika unaostawi katika msimu mkavu wenye upepo, na tabaka jeusi la msimu wa joto. Tabaka jeupe likiwa nene, huashiria mwaka wa ukame. Mwaka 2016 watafiti walichimbua humo mashapo ya takriban miaka 250,000, muda unaojumuisha zaidi ya enzi moja ya barafu.