Kinachomlemea baharia huanzia nchi kavu

Aprili 2021 baharia mmoja wa Syria alipanda ndege nchini Misri kurejea kwao, baada ya kukaa karibu miaka minne ndani ya meli isiyokwenda popote. Meli hiyo, MV Aman, ilizuiwa Julai 2017 katika bandari ya Adabiya, karibu na Mfereji wa Suez, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vilikuwa vimekwisha muda na wenyewe hawakulipa walichodaiwa. Mahakama ilimteua baharia huyo, aliyekuwa ofisa mkuu wa meli, kuwa mwangalizi wake wa kisheria. Alitia saini, na kuanzia hapo hakuruhusiwa kuondoka mpaka meli iuzwe au apatikane wa kushika nafasi yake.

Wenzake waliondoka mmoja baada ya mwingine. Agosti 2018 mama yake alifariki, akazikwa yeye hayupo. Mwaka mmoja baadaye alibaki peke yake melini, hana umeme, hana mshahara. Meli za wengine zilikuwa zikipita mbele ya macho yake kuingia na kutoka mferejini, na katika baadhi yake alikuwamo ndugu yake, naye baharia. Waliweza kuzungumza kwa simu, lakini umbali haukuwaruhusu hata kupungiana mkono. Machi 2020 dhoruba iliing'oa meli kwenye nanga na kuitupa mita mia chache kutoka ufukweni. Hapo ndipo alipopata ahueni, kwani sasa aliweza kuogelea hadi pwani kununua chakula na kuchaji simu.

Katika masaibu yote hayo, bahari ndiyo pekee iliyomhurumia. Vyeti, madeni na amri ya mahakama vilitoka nchi kavu. Na ukiwasikiliza mabaharia wakieleza kinachowakosesha usingizi, ndivyo ilivyo mara nyingi: tufani huja ikapita, lakini maamuzi ya watu walioketi ofisini hukaa nao safari nzima.

Mabaharia wa meli za biashara duniani walikadiriwa kuwa milioni 1.89 mwaka 2021, na meli zao hubeba zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi. Ngano tunayokula, mafuta ya gari na mitumba ya sokoni vimepitia mikononi mwao. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha mabaharia zaidi ya 1,500. Robo yao walikuwa na dalili za sonona, na mmoja kati ya watano alikuwa amepitiwa na mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali afe.

Usingizi wa vipande

Chanzo cha kwanza cha mzigo huo ni ukosefu wa usingizi. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO), unasema baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili, mradi kipande kimoja kisipungue saa sita. Hata pale sheria inapofuatwa neno kwa neno, basi, mtu anaweza kufanya kazi saa 14 kwa siku. Katika meli ndogo zenye maofisa wawili tu wa zamu, mmoja huingia saa sita na mwenzake saa sita, siku nenda siku rudi, bila Jumapili wala sikukuu.

Bandarini, ambako mtu wa nje hudhani ndiko kwenye mapumziko, ndiko mambo yanakochacha. Rubani wa bandari hupanda usiku wa manane, na wote wanaohusika na kamba huamshwa. Meli ikishafungwa gatini, kreni zinaanza. Ofisa mkuu anasimamia mzigo, mainjinia wanatumia nafasi hiyo kutengeneza mitambo, mpishi anapokea chakula. Wakati huohuo wanapanda watu wa forodha, wa uhamiaji, wa afya, wakala na mkaguzi, kila mmoja akitaka karatasi zake sasa hivi. Zikipita saa chache meli inafunguliwa kamba. Aliyepanga kushuka kununua laini ya simu hajaiona hata geti la bandari.

Tarehe 3 Aprili 2010 meli ya makaa ya mawe ya China, Shen Neng 1, ilipanda juu ya miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef nchini Australia, saa chache baada ya kutoka bandari ya Gladstone. Aliyekuwa zamu ni ofisa mkuu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akisimamia upakiaji. Wachunguzi waligundua kwamba katika saa 38 na nusu zilizotangulia alikuwa amelala saa mbili na nusu tu. Meli ilipitiliza mahali ilipotakiwa kugeuza uelekeo na yeye hakutambua.

Jambo hili halionekani kwenye makaratasi. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, kilichopo Malmö, Sweden, kilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa kurekebisha rekodi za saa za kazi na mapumziko ni mazoea yaliyoenea melini. Baharia huandika saa zinazotakiwa kuonekana, kwa sababu akiandika za kweli meli itazuiwa, nahodha atalaumiwa, na yeye mwenyewe huenda asiitwe tena. Kwa hiyo mchovu anabeba mzigo wa pili, wa kutia saini uongo kila siku.

Kiini cha uchovu huo ni uchache wa watu. Ever Given, iliyoziba Mfereji wa Suez Machi 2021, ina urefu wa mita 400, na siku ile ilikuwa na mabaharia 25 tu, wote kutoka India. Ilikwamuliwa baada ya siku sita, lakini ikazuiwa hadi Julai huku wenye meli na mamlaka ya mfereji wakijadiliana fidia.

Zamani za majahazi, pepo ndizo zilizopanga ratiba. Chombo kilichokuja na kaskazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi kilitia nanga Mombasa, Lamu au Unguja, kikangoja kusi kianze ndipo kirudi. Mabaharia walikuwa na wiki nyingi za kuuza na kununua, kukarabati chombo na kukipaka mafuta ya sifa. Hayakuwa maisha ya mteremko: wengi walisafiri wakiwa na deni kwa nahodha, na chombo kikipigwa na dhoruba hapakuwa na wa kumwita. Lakini pumziko lilikuwamo ndani ya safari yenyewe, na hakuna tajiri aliyeweza kuuharakisha upepo.

Mshahara hauji, bunduki zinakuja

Chanzo cha pili ni hofu. Kuna hofu ya pesa: mwenye meli anafilisika au anajifanya amefilisika, simu zake hazipokelewi, chakula kinaisha. Kisheria, baharia asiyelipwa kwa miezi miwili, aliyekatiwa mahitaji ya lazima, au aliyenyimwa nauli ya kurudi kwao, huhesabiwa kuwa ametelekezwa. Anaweza basi kuikimbia meli hiyo? Ni vigumu. Akishuka bila utaratibu anaweza kukamatwa kama mgeni asiye na kibali, na anahofia kupoteza malimbikizo yake yote.

Kuna pia hofu ya bunduki, na pwani yetu inaijua. Oktoba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Golden Wave 305 karibu na Lamu. Ndani yake walikuwamo Wakenya 39, na hawakuachiliwa hadi Februari 2011. Mabaharia wa Naham 3 walikaa zaidi ya miaka minne mikononi mwa maharamia. Walipoachiliwa Oktoba 2016, walisafirishwa kwanza Nairobi kabla ya kwenda kwao Asia. Siku hizi macho yako Bahari ya Shamu. Galaxy Leader ilitekwa na Wahouthi wa Yemen Novemba 2023, na mabaharia wake 25 walishikiliwa hadi Januari 2025. Machi 2024 kombora liliua mabaharia watatu ndani ya True Confidence. Anayepita njia hiyo hulala na maboya ya kujiokolea kando ya kitanda, na mkewe halali kabisa.

Wakati wa UVIKO-19 iliongezeka hofu ya tatu, ya kutojua lini utashuka. Nchi zilifunga mipaka, na mwishoni mwa 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba yao imekwisha zamani.

Simu ya nyumbani

Intaneti melini imekuwa haki inayotambulika. Marekebisho ya mkataba wa ILO yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanawataka wenye meli wawape mabaharia mawasiliano. Ni hatua njema, ila ina pande mbili. Baharia wa zamani alipata habari za ugonjwa wa mtoto mtoto ameshapona. Wa leo anaambiwa saa ileile, akiwa katikati ya Bahari ya Hindi, dakika 20 kabla ya zamu, na mtandao unakatika kabla hajajua daktari amesema nini. Anapanda zamu na kichwa kimebaki nyumbani. Tena intaneti imewatawanya: baada ya chakula kila mtu hujifungia chumbani na simu yake, na sebule ya meli, walikokuwa wakicheza karata na kutaniana, imepoa.

Akirudi nyumbani mambo hayanyooki mara moja. Watoto wamezoea kumwomba mama ruhusa. Ndugu na majirani wanamwona ni mtu wa dola, kila mmoja ana shida yake. Wakati huo wengi hawana mshahara, maana mkataba ukiisha na malipo huisha, na akiba inayeyuka huku akingoja kuitwa tena. Kwa wanawake, waliokuwa asilimia 1.28 tu ya mabaharia wote mwaka 2021, huongezeka upweke wa kuwa peke yako kati ya wanaume ishirini, na pengine bughudha ambayo wa kuripotiwa ndiye huyohuyo anayeifanya.

Athari na ukimya

Mwili una hesabu zake. Usingizi wa vipande huvuruga saa ya ndani ya mwili, shinikizo la damu hupanda, tumbo huchafuka, hasira huja karibu. Anayefanya kazi katika joto na kelele za chumba cha injini huchoka maradufu. Umakini ukipungua, vidole hukatika, watu huanguka, meli hugongana. Machi 6, 1987, kivuko cha Uingereza, Herald of Free Enterprise, kilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na watu 193 wakafa. Kiliondoka milango ya mbele ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake, na hapakuwa na utaratibu wa kumhakikishia nahodha kwamba imefungwa.

Pamoja na hayo, baharia hasemi. Ili apande meli anahitaji cheti cha afya, na anaamini kwamba akitaja sonona mbele ya daktari hatapewa. Anaogopa pia jina lake lisiandikwe vibaya kwa wakala. Anakufa kikondoo, nasi tunamsifu kwa uvumilivu. Wahenga walishaonya kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na baharini kilio hicho huweza kuwafikia wote waliomo chomboni.

Kifanyike nini

Kwa kuwa chanzo kiko nchi kavu, dawa nayo iko huku. Kampeni za kumwambia baharia afanye mazoezi na kufikiria mazuri zina nafasi yake, lakini hazimwongezei hata saa moja ya kulala. Kinachomwongezea ni watu wa kutosha melini na mshahara unaofika kwa wakati.

Kenya iliridhia mkataba wa ILO mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Nchi iliyoridhia ina mamlaka ya kupanda meli ya kigeni inayotia nanga bandarini kwake na kukagua hali ya waliomo. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) upande wa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar zina wakaguzi. Waliangalie jedwali la saa za mapumziko kwa ukali uleule wanaoutumia kuangalia vizima-moto na mashua za kujiokolea. Jedwali lililojazwa vizuri kupita kiasi, kalamu moja, mwandiko mmoja, lingetosha kumfanya mkaguzi aombe kuzungumza na baharia faragha. Na Zanzibar, ambayo husajili meli za kigeni zikapeperusha bendera ya Tanzania, ina wajibu zaidi: anayekodisha bendera amekubali kuwa mlezi wa walio chini yake.

Vijana wanaotoka Chuo cha Bandari Mombasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam wakitafuta meli za watalii, za kontena au za Ghuba, wayajue haya kabla ya kutia saini. Wakala anayekudai ada ya kukutafutia kazi anavunja mkataba wa kimataifa. Unachogharamia mwenyewe ni pasi, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Dai nakala ya mkataba wako na uisome. Ukipanda, tafuta ubaoni hati ya bima ya kutelekezwa, inayogharamia nauli ya kurudi na hadi miezi minne ya mshahara. Andika jina la bima hiyo na ulitume nyumbani. Usipoiona hati hiyo, uliza meli haijang'oa nanga.

Ukizidiwa, vituo vya Mission to Seafarers vipo Mombasa na Dar es Salaam, na huduma ya SeafarerHelp hupokea simu na ujumbe saa 24 bila malipo, kwa siri. Nanyi mliobaki nyumbani, mpeni habari za kweli kwa wakati anaoweza kuzibeba, na akirudi mwacheni kwanza alale. Maombi ya pesa yanaweza kungoja wiki moja.