Asidi ya ndani ya muhogo: tusifupishe siku za kulowesha



Hapa Kolwezi, mtu akisikia neno asidi anawaza zile kamiyo za matangi zinazokwenda kwenye viwanda vya shaba na kobalti. Lakini iko asidi nyingine, ambayo tunaitoa wenyewe shambani: asidi ya sianidi. Muhogo mchungu ndio unayo mingi, na ukame unaiongeza.

Tunaiandika sasa kwa sababu ya soko. Sehemu kubwa ya mahindi ya Katanga inatoka Zambia. Zambia ikizuia mahindi kutoka, au ikipata ukame kama wa mwaka 2024, bei ya unga inapanda na bukari ya muhogo inaongezeka nyumbani. Mnunuzi anakuja mbio na feranga mkononi, na mtu anashawishika kutoa mihogo ndani ya maji kabla ya wakati.

Asidi hii inafanya nini mwilini?

Chakula mwilini ni kama makala ndani ya mbabula: kinahitaji hewa ili kitoe nguvu. Ndani ya kila chembe ya mwili iko kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo sana, anayepokea hewa hiyo. Wataalamu wanamwita sitokromu oksidasi. Asidi ya sianidi inamshika na kumzuia kazi. Hewa iko ndani ya damu, chakula kiko, lakini moto unazimika.

Anayekula sumu nyingi mara moja anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, na anaweza kufa. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa wiki nyingi, bila samaki wala maharagi, anaweza kupata konzo: miguu yote miwili inalegea na kukakamaa ghafla, na haiponi. Bamama na watoto ndio wanaopatwa zaidi. Jina konzo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa.

Haraka ilileta nini Bandundu

Kule Bandundu, barabara ya lami ilirahisisha kuuza muhogo Kinshasa. Familia nyingi zikapunguza kulowesha kutoka siku tatu hadi siku moja. Watafiti walioandika mwaka 1992 walionyesha kwamba njia hiyo ya mkato ilikwenda pamoja na konzo. Muhogo ulikuwa uleule. Kilichopungua ni siku za maji.

Kwa nini maji yanasaidia

Ndani ya muhogo mzima sumu bado haijafunguka. Imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa linamarini, na kimeng'enya cha kuifungua kinakaa pembeni. Muhogo ukilainika majini, viwili hivi vinakutana na asidi inatoka. Asidi hiyo inachemka kwa digrii 26 tu, kwa hiyo inatoroka na maji, hewa na jua. Kuanika muhogo mbichi bila kulowesha hakutoshi: unakauka kabla kazi haijaisha, na sumu inabaki ndani.

Tufanye hivi

1. Menya, kata, lowesha siku tatu au zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, ongeza siku. Kipimo ni kidole: kikiingia bila nguvu na nyuzi zikatoka, muhogo umeiva.

2. Tumia maji safi. Tusiloweshe ndani ya mito inayopokea maji ya viwanda vya madini, wala ndani ya mapipa yaliyobeba dawa za kiwanda.

3. Mwaga maji, kamua, anika juani mpaka ukauke kabisa.

4. Kama una shaka na unga, uchanganye na maji, utandaze mwembamba, usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha songa bukari siku ileile. Bamama wa Popokabaka, Kwango, walifundishwa njia hii kuanzia mwaka 2010, na wakati wa kazi hiyo hakutokea mgonjwa mpya wa konzo.

5. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu.

6. Kula bukari pamoja na maharagi, karanga au samaki. Vyakula hivi vinaupa mwili nguvu ya kuvunja sumu inayobaki.

Kwa kooperative tunashauri jambo moja: kila mzigo uandikwe siku ulipoingia majini na siku ulipotoka. Mzigo usiofika siku tatu usipokelewe, hata kama mnunuzi anasubiri mlangoni na kamiyo. Kipimo cha kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja, na bila siku za maji hatuwezi kukifikia. Feranga za siku mbili hazilingani na miguu ya mtoto.