Kadi ya chanjo si dawa: Jinsi ya kumjua daktari wa kweli wa mbwa na paka wako

SIMBA alikuwa na wiki tisa nilipomleta nyumbani Umoja ndani ya katoni ya maziwa. Jamaa aliyeniuzia aliniunganisha na “daktari” wake, ambaye alikuja jioni kwa bodaboda, akatoa sindano kwenye mfuko wa jaketi, akamdunga pale pale mlangoni na kunikabidhi kadi ya kijani.

“Usijali bosi, hii moja imemaliza kila kitu. Mpeleke popote unapotaka,” akaniambia.

Nikamtumia Sh1,500 kwa M-Pesa. Nikampiga Simba picha na kadi yake, nikaposti.

Wiki tatu baadaye, Simba alikataa chakula. Kufikia usiku alikuwa akitapika na kuharisha damu. Asubuhi nilimkimbiza kwenye kliniki niliyoelekezwa na jirani. Daktari, mama wa makamo, alipima kinyesi chake na kuniambia ni parvo. Kisha akaomba kadi, akaigeuza mbele na nyuma.

“Haina stika ya dawa, haina muhuri, haina nambari ya daktari. Hii ni karatasi tu, ndugu yangu.”

Simba aliwekewa maji ya dripu kwa siku mbili. Ya tatu hakuamka.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wengi mjini siku hizi wanafuga, hata kwenye bedsita, na wengi wetu humtafuta daktari mambo yakishaharibika. Wakati huo huna nafasi ya kuuliza maswali. Utamkubali yeyote atakayeshika simu. Kliniki huchaguliwa mnyama akiwa mzima.

Swali la kwanza ni leseni. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 inataka madaktari wa mifugo na wahudumu wanaowasaidia wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, inayojulikana zaidi kama KVB. Daktari kamili ana digrii. Mhudumu mwenye cheti au diploma pia anasajiliwa, lakini kazi zao hazilingani, na upasuaji si wa kuachiwa yeyote mwenye koti jeupe. Muuzaji wa agrovet anaweza kukuuzia dawa ya viroboto, lakini kuuza dawa hakumfanyi mtu kuwa daktari. Omba jina kamili na nambari ya usajili, kisha uthibitishe na bodi yenyewe. Daktari halisi hatakasirika. Anayekasirika amekujibu tayari.

Pili, chunguza chanjo. Chanjo za mbwa na paka kwa kawaida huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, si mfukoni mwa jaketi. Kliniki nzuri itakuonyesha kichupa na tarehe ya kuisha kwa dawa, itabandika stika yake kwenye kadi, kisha daktari atie sahihi na kuandika tarehe ya kurudi.

Hiyo tarehe ya kurudi ndiyo iliyonipita mimi. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Sababu ni kwamba kinga anayopata kutoka kwa mama yake inaweza kuzuia chanjo za mapema kushika vizuri. Anayekwambia sindano moja ya wiki tisa imemaliza kila kitu, ama hajui kazi au anakudanganya.

Tatu, tazama wanavyompima mnyama kabla ya kushika sindano. Amepimwa uzani? Joto? Wametazama ufizi na kusikiliza moyo? Wamekuuliza anakula nini na alianza kuugua lini? Dozi hutegemea uzani, kwa hivyo anayekisia kwa macho anacheza kamari na mnyama wako. Kama ni kuhasi, watakueleza lini umnyime chakula kabla ya dawa ya usingizi, na watakupa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani.

Wenye paka, kuna jambo moja la kushika sana: paracetamol, hiyo ya binadamu tunayomeza kichwa kikiuma, inaweza kuua paka. Ukisikia mtu wa kliniki akikushauri umpe paka nusu tembe, mbebe mnyama wako uondoke.

Nne, tembea ndani. Vizimba vinanuka? Meza inapanguswa kila mgonjwa akitoka? Mnyama mwenye parvo anatengwa na wengine? Virusi vya parvo vinaweza kukaa sakafuni kwa miezi mingi, kwa hivyo kliniki chafu inaweza kukurudishia nyumbani ugonjwa ambao hukwenda nao.

Kuhusu pesa, usione haya. Uliza makadirio kabla ya kazi kuanza na udai risiti yenye maelezo. Bei ya juu haimaanishi huduma bora, na ya chini haimaanishi utapeli. Jijini Nairobi kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na shirika la KSPCA lililoko Karen limekuwa likishughulikia maslahi ya wanyama kwa miaka mingi. Mwisho, uliza: saa nane usiku, nampigia nani?

Usidhani haya ni mambo ya mbwa na paka tu. Kichaa cha mbwa kinaua watu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno, na karibu visa vyote vya watu duniani hutokana na mbwa. Kenya ina mpango, ulioanza 2014, wa kumaliza vifo hivyo kufikia 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu kwa kadi za uongo. Mtoto wa jirani akiumwa na mbwa wako, kadi yako ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Mwaka uliopita nilichukua paka. Kabla sijamleta nyumbani, nilitembelea kliniki tatu mikono mitupu, nikiuliza maswali haya haya. Ya kwanza walinicheka. Ya pili waliniambia daktari “yuko njiani” mpaka nikaondoka. Ya tatu, msichana wa mapokezi alinionyesha leseni ukutani na kunifungulia friji bila kuombwa mara mbili.

Kadi ya paka wangu sasa ina stika tatu. Ile ya Simba bado ninayo, kwenye droo.