Giroud: Mshambuliaji aliyebezwa kwa kutofunga

WACHAMBUZI wengi wa soka humpima mshambuliaji kwa kipimo kimoja tu, mabao. Kwa kipimo hicho, Olivier Giroud wa Ufaransa alibezwa sana katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, kwani alimaliza mashindano bila kupiga hata shuti moja lililolenga lango.

Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kazi aliyopewa. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Australia, Kocha Didier Deschamps alimweka benchi, akawapanga mbele Antoine Griezmann, Kylian Mbappé na Ousmane Dembélé, wote wenye kasi. Ufaransa ikahangaika. Giroud aliingia kipindi cha pili matokeo yakiwa 1-1, akagongeana pasi na Paul Pogba, na bao la ushindi likapatikana. Tangu hapo alianza kila mechi.

Kazi yake ilikuwa kuwavuta mabeki wa kati, kuutuliza mpira mrefu na kuwaachia wenzake nafasi. Katika ushindi wa 4-3 dhidi ya Argentina, ndiye aliyempa Mbappé pasi ya bao la nne. Mbappé na Griezmann walifunga mabao manne kila mmoja, na Ufaransa ikatwaa kombe. Kusoma orodha ya wafungaji hata mtoto anaweza. Mchambuzi hulipwa aone zaidi ya hapo.

Hata kwa mabao yenyewe, Giroud alistaafu timu ya taifa mwaka 2024 akiwa na 57, mengi kuliko Mfaransa yeyote kabla yake.